UZI: M83, galaksi inayopita karibu na utosi wetu kila Juni na hatuna habari nayo

FUNDI MASAFA (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Nimerudi juzi kutoka ukweni Manyoni, ndani ndani huko, mbali na lami. Taa za umeme ni za kuhesabu, na ikifika saa mbili usiku giza linakuwa giza kweli, si hili letu la Dar lenye rangi ya chungwa. Baba mkwe analala mapema, mashemeji wameinamia simu, nikachukua mkeka na darubini yangu ya macho mawili, ile ya 10 kwa 50 (inakuza mara 10, kila kioo milimita 50) niliyoipata mtumbani, nikalala chali uani. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, kinaitwa M83.

Nimekipata usiku wa tatu.

Nianze na lililonileta, asiye na muda asome hapa aende zake. Galaksi hii ni ya anga letu. Aliyeigundua alikuwa Afrika, nyota yake mojawapo ilikamatwa ikilipuka na mtu aliyekuwa Afrika, na sisi tulio kusini kidogo ya ikweta inatupitia juu kabisa wakati mtu wa Paris anaitafuta nyuma ya paa la jirani. Lakini uliza hapa mjini watu wanaijua galaksi gani, wote watakujibu Andromeda.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 1751 Mfaransa mmoja, Nicolas-Louis de Lacaille, alishuka melini Cape, Afrika Kusini ya leo. Alikwenda kupima mahali zilipo nyota za kusini, na akapima karibu 10,000. Kioo cha darubini aliyofanyia kazi hiyo kilikuwa na upana wa milimita 13 hivi. Milimita 13 wakuu! Ukucha wa kidole gumba unakiziba. Tarehe 23 Februari 1752 akapita kwenye kidoa ambacho hakikuwa na ncha ya nyota, akakiandika, akaendelea na zake. Ya kwangu kila jicho lina milimita 50 na bado ilinichukua siku tatu. Nimejisikia vibaya kidogo.

Miaka 29 baadaye Charles Messier akiwa Paris akakiingiza kwenye orodha yake, namba 83, ndiyo maana leo kinaitwa M83. Kule Paris kitu hiki kikipanda sana ni digrii 11 tu kutoka upeo wa macho, yaani kinakwaruza mabati. Mgunduzi alikuwa Cape, herufi ikaenda Paris. Haya.

Wote hao hawakujua wameona nini. Waliita ukungu, wakaishia hapo. Mwaka 1862 William Lassell akiwa Malta na darubini kubwa ya kioo cha inchi 48 akaona kidoa kina mikono mitatu iliyojizungusha. Hata hapo hakuna aliyejua kama ni wingu la jirani au ni mji mwingine kabisa wa nyota. Ubishi huo ulikwisha miaka ya 1920, Edwin Hubble alipopima umbali wa Andromeda na kukuta iko nje kabisa ya Njia Nyeupe yetu, yaani galaksi tunamoishi. Tangu hapo ukungu wenye mikono ukapandishwa cheo, ukawa galaksi.

M83 iko umbali wa miaka nuru milioni 15 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja). Upana wake ni kama miaka nuru 50,000, takriban nusu ya Njia Nyeupe. Katikati ina mhimili wa nyota, kama mpini, na mikono inaanzia kwenye ncha za mpini huo. Mhimili ndio unaovuta gesi kuipeleka ndani, na huko kiini kinazaa nyota kwa fujo.

Na ikizaa kwa fujo, inazika kwa fujo pia. Kuanzia 1923 hadi 1983 zimehesabiwa supanova 6, yaani nyota zinazokufa kwa kulipuka, ndani ya galaksi hii moja: 1923, 1945, 1950, 1957, 1968 na 1983. Ya 1945 haikuonekana siku yake, ilikuja kukutwa baadaye sana kwenye picha za zamani za vioo. Linganisha na kwetu Njia Nyeupe: supanova ya mwisho kuonekana kwa macho matupu ilikuwa 1604.

Hiyo ya 1968 ndiyo naipenda. Kulikuwa na bwana anaitwa Jack Bennett, Pretoria, mtu wa kutazama nyota kwa mapenzi yake, hakuajiriwa na kituo chochote cha anga. Alikuwa anasaka nyota zenye mkia, yaani kometi. Julai 1968 akapita kwenye M83 na kadarubini kake, akakuta nyota ambayo hapo awali haikuwepo. Hakuwa na kamera wala kompyuta, alikuwa na jicho na kumbukumbu. Aliigundua supanova hiyo kwa kuchungulia mwenyewe kwenye darubini. Na ile ya 1983 aliikamata mchungaji wa kanisa huko Australia, Robert Evans, aliyekuwa amekariri sura za galaksi kichwani kama sisi tulivyokariri namba za daladala. Kituo chake kilikuwa nyumbani kwake.

Jinsi ya kuipata: subiri masika iishe, mwezi usiwepo angani. Katikati ya Juni, kama saa mbili na nusu usiku, simama utazame juu. Nyota nyeupe yenye rangi ya samawati iliyo karibu na utosi ni Spica, ambayo wazee wa pwani waliiita Sumbula. Geuka kusini. Nyoosha mkono, kunja ngumi, shuka ngumi mbili kutoka Sumbula. Katika njia hiyo utapita nyota ya wastani, Gamma ya kundi la nyota la Hydra, na mbele yake kushoto kidogo iko Menkent ya kundi la Kantarusi, yenye rangi ya machungwa. M83 iko karibu katikati ya hizo mbili. Ukifika kwenye Msalaba wa Kusini umepitiliza mbali.

Utakachoona ni kama mtu amekihemea kioo. Basi. Usitegemee rangi.

Karibuni.


KITI CHA DIRISHANI

Wa kwanza, siti ya mbele. Ngoja niende kula nirudi.


NJUGU ZA MOTO

Picha mkuu? Uzi mrefu hivi bila picha ni kama pilau bila kachumbari.


FUNDI MASAFA

Njugu, darubini ya mkononi haitoi picha na simu yangu ni hii hii ya laini mbili. Nenda mtandaoni tafuta picha ya M83 ya darubini ya angani ya Hubble, ile iliyotolewa 2014. Uone mistari myeusi ya vumbi inayofuata mikono, na madoa ya waridi kama mtu ametupa maua ya mkarafuu mteke. Ukikuza utaona nyota moja moja, mamia ya maelfu. Wanaastronomia walipoichambua picha hiyo wakapata mabaki ya supanova takriban 300, yaani makaburi. Zile 6 ni ambazo binadamu alikuwepo kushuhudia tu.


MZEE WA USHAHIDI

Mimi huwa nauliza swali moja na hakuna anayenijibu. Nani alikwenda na futi kamba kupima hiyo milioni 15? Mtu umbali wa Chalinze hadi Segera hana uhakika nao, lakini galaksi anajua.


DADA CHAKI

Mzee wa Ushahidi, shikamoo. Mimi nafundisha fizikia, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, wanafunzi wangu wanaliogopa.

Umewahi kusimama barabara iliyonyooka usiku, pikipiki zinakuja kwa mbali? Huoni pikipiki, unaona taa tu. Kama unajua pikipiki zote hizo ni aina moja na taa zao ni sawa, basi taa hafifu iko mbali na taa kali iko karibu. Ukipima uhafifu unapata umbali, futi kamba haihitajiki.

Shida ni kupata nyota ambayo unajua ukali wa taa yake. Hapo ndipo anapoingia mama mmoja, Henrietta Leavitt, aliyekuwa anakagua picha za vioo kule Harvard. Picha zenyewe zilipigwa Peru, maana alichokuwa anachunguza ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, na hilo ni la kusini, kule kwao halionekani. Aligundua kuna nyota zinazopwesa, zinang'aa, zinafifia, zinang'aa tena, kila moja kwa siku zake maalumu. Zinaitwa Sefeidi. Na mwaka 1912 akaonyesha wazi kwamba inayopwesa polepole ndiyo yenye taa kubwa. Kwa hiyo hesabu siku za kupwesa, utajua taa yake ina ukali gani. Kisha tazama inavyoonekana ilivyo hafifu, kokotoa umbali.

Kwa M83 kazi hiyo imefanyika na ile darubini kubwa ya Paranal, Chile, inayoitwa VLT. Walirudi kupiga picha tena na tena mpaka wakazipata Sefeidi ndani yake, na matokeo yakachapishwa 2003. Ndiyo hiyo milioni 15 kasoro kidogo.

Chalinze hadi Segera siwezi kukusaidia.


MZEE WA USHAHIDI

Marahaba mwanangu. Mfano wa pikipiki umeingia. Lakini vumbi je? Taa ya pikipiki kwenye vumbi inafifia hata kama iko karibu.


DADA CHAKI

Sasa unanitafuta ubaya mzee wangu, hilo ndilo lililowasumbua wenyewe. Vumbi lipo huko na huku kwetu, na ni kweli linadanganya umbali. Dawa yake ni kupima kwa rangi mbili au zaidi. Vumbi linazuia samawati kuliko nyekundu, kama jua la jioni wakati wa kiangazi. Ukiona nyota ni nyekundu kuliko inavyopaswa, unajua vumbi limekula kiasi gani, unarudishia kwenye hesabu.


MAJI YA DUNGA

Mafuta yamepanda, sukari imepanda, mtu analala chali kwenye mkeka ukweni anatazama ukungu. Hongera kwa mkeo.


FUNDI MASAFA

Maji ya Dunga, kutazama ni bure, ndiyo maana natazama.


WA NYANZA GULF

Mimi ni Mkenya, niko Kisumu. Nimesoma hiyo milioni 15 nikashtuka kidogo, kwa sababu hapa kwetu kuna kisiwa kinaitwa Maboko, kiko ndani ya ghuba, na miamba yake ni ya karibu miaka hiyo hiyo, milioni 15. Wachimbaji wamepata hapo mifupa mingi sana ya kijitumbili cha zamani wanachokiita Victoriapithecus, hadi fuvu karibu zima.

Kwa hivyo ule mwanga alioupata Fundi pale Manyoni uliondoka kule M83 wakati hako katumbili kanakula matunda kwenye miti ya Maboko. Na hakakuwa kanatazama Ziwa Victoria, ziwa bado halikuwepo. Hata Kilimanjaro haikuwepo.

Nimekaa nikafikiria hiyo kitu hadi chai ikapoa.


FUNDI MASAFA

Ndugu yangu wa Kisumu, umenimaliza. Hii sikuijua kabisa. Nitaisema tena kwa baba mkwe kama yangu.


KITI CHA DIRISHANI

Nimerudi. Nina swali la dereva. Mnasema hii mikono inazunguka. Sasa kitu kikizunguka, cha ndani kinamaliza mzunguko mapema kuliko cha nje. Jua letu mmesema huko nyuma kwenye nyuzi zingine linatumia miaka milioni 230 kuzunguka Njia Nyeupe mara moja. Galaksi ina mabilioni ya miaka. Si mikono ingekuwa imeshajisokota kama uzi kwenye kibiringo, isionekane tena?


FUNDI MASAFA

Kiti, umeuliza swali lililowakosesha watu usingizi miaka mingi. Na wewe kama dereva jibu unalo, hujui tu kwamba unalo.

Pita pale kwenye matuta njia ya Mbagala asubuhi. Foleni ipo. Rudi baada ya saa moja, foleni ipo pale pale. Lakini magari uliyoyaona mwanzo yameshafika Posta, haya ni mengine. Foleni haijasogea na magari hayajasimama. Mkono wa galaksi ni foleni. Nyota zinaingia, zinabanana, zinatoka upande wa pili. Gesi nayo ikiingia inagandamizwa, na gesi ikigandamizwa inazaa nyota. Ndiyo maana mikono inang'aa: nyota kubwa za samawati zinazaliwa humo humo na zinakufa kabla hazijatoka foleni, maisha yao mafupi. Walioliweka jambo hili kwenye hesabu ni C. C. Lin na Frank Shu, 1964.

Foleni ya angani tofauti yake na ya Mbagala ni kwamba yenyewe nayo inazunguka taratibu. Na wataalamu hadi leo wanabishana kama foleni hiyo inadumu muda mrefu au inavunjika na kujiunda upya. Lakini uzi haujisokoti kwa sababu si uzi.


KITI CHA DIRISHANI

Yaani nimekaa ndani ya mkono wa galaksi miaka tisa, njia ya Mbagala, bila kujua.


NJUGU ZA MOTO

Nimeitazama hiyo picha ya Hubble. Kaka, zile rangi ni za kupaka. Waridi ile hata kwenye harusi sijaiona. Kwa nini watudanganye?


DADA CHAKI

Njugu, si kudanganya na si kama jicho linavyoona pia. Kamera ya Hubble inapiga nyeusi na nyeupe, ila kila picha inapita kwenye kichujio cha rangi yake. Kisha wanazipanga pamoja. Ile waridi inatoka kwenye gesi ya haidrojeni iliyochomwa na nyota changa, inatoa mwanga mwekundu wa nanomita 656, na mwanga huo upo kweli. Jicho letu ndilo halina nguvu. Kwenye mwanga hafifu jicho halitambui rangi, ndiyo maana usiku paka wote ni wa kijivu.

Kuna rangi ambazo kweli zimebuniwa, pale picha inapotoka kwenye mwanga usioonekana kabisa. Darubini ya angani ya James Webb inatazama M83 kwa infraredi, na huko vumbi ambalo Hubble inaliona jeusi ndilo linalowaka, galaksi inaonekana kama jarife lenye matundu. Kabla yake setilaiti ya GALEX iliipiga kwa urujuanimno (nao ni mwanga usioonekana) ikaonyesha nyota changa mbali sana nje ya mikono, mahali ambapo kila mtu alidhani ni patupu. Na ile supanova ya 1957 aliyoitaja Fundi, mabaki yake yamekuja kupatikana kwa eksirei na darubini ya Chandra, matokeo yakatangazwa 2012. Walipojaribu mwanzo kwa saa chache hawakuona kitu. Wakarudi wakaikodolea M83 jumla ya zaidi ya siku 8, kikatokea kidoa. Galaksi ni ile ile, kila mwanga unakupa nyumba nyingine.


MWANA WA NAHODHA

Assalamu alaikum. Niko Unguja. Nimefurahi kuona Sumbula imetajwa kwa jina lake. Babu alikuwa na jahazi na nyota alizijua kwa majina, sisi wajukuu tumebaki na Kilimia tu kwa sababu ya ule msemo, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Zilizobaki tunazitafuta kwenye simu.

Sasa nauliza, huku kwetu Juni ni kusi, pepo kali, mawingu yanapita mbio. Nitaiona?


FUNDI MASAFA

Waalaikum salaam. Kusi ina faida yake, ikipasua mawingu anga inakuwa safi sana. Kaa upande wa ufukwe wenye giza, taa za hoteli ziwe mgongoni. Kwenu inapanda kama digrii 66, yaani juu zaidi ya minazi. Usiache kwa sababu ya wingu la dakika kumi.


MZEE WA USHAHIDI

Tangu 1983 imelipuka tena?


FUNDI MASAFA

Hapana mzee. Sita ndani ya miaka 60, kisha kimya cha miaka zaidi ya 40. Watu wanaingoja. Siku hizi kuna darubini za mashine zinazofagia anga usiku kucha, kwa hiyo uwezekano wa Bennett mwingine kuwahi ni mdogo. Lakini si sifuri. Mimi nikienda ukweni nachungulia.


NG'OMBE WA MAKAO

Wakuu mimi ni msomaji wa kimya kimya, leo naandika. Niko Dodoma, nje kidogo ya mji. Nimepanda juu ya tenki la maji na darubini niliyoazima kwa jamaa anayepeleka watalii. Nimepata Sumbula. Nimeshuka ngumi mbili. Menkent nimeiona, ya machungwa kweli. Katikati sioni kitu, au kama naona, nikikaza macho kinapotea. Nipo hapa hapa juu, nijibuni haraka, mke ameshaanza kuuliza.


FUNDI MASAFA

Usikikazie macho! Ndiyo kosa nililofanya siku mbili nzima. Katikati ya jicho panaona vizuri mchana, usiku hapafai. Tazama pembeni kidogo, kama unamwibia mtu, halafu wacha kidoa kije chenyewe. Kisha gonga darubini kidogo kwa kidole itikisike. Uchafu wa macho unabaki palepale, kitu cha angani kinacheza pamoja na nyota za jirani.


NG'OMBE WA MAKAO

Nimegonga.

Kimecheza.


MAJI YA DUNGA

Fundi, hiyo 10 kwa 50 mtumbani wanauzaje?